Herufi Sabini na Saba

Februari, mjomba alirudi Babati kutoka migodi ya Mererani akiwa na kikohozi kisichokoma. Wiki ya tatu nikamsindikiza hospitali. Alitoa makohozi kwenye kikopo, tukakaa kwenye benchi na swali lake moja: ni kifua kikuu, au ni vumbi la shimoni tu?

Mashine ya GeneXpert hulijibu kwa chini ya saa mbili. Ndani ya katriji yake mna vipande vifupi vya DNA ambavyo havikutoka kwa kiumbe yeyote. Vilitengenezwa maabara, herufi moja baada ya nyingine. Vikikutana na DNA ya bakteria wa kifua kikuu, hushikamana nayo pale herufi zinapolingana, kisha sehemu hiyo hunakiliwa mara mamilioni mpaka ionekane.

Ufundi huu ulianza mbali. Har Gobind Khorana alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Raipur, Punjab, ambako karibu familia yake pekee ndiyo iliyojua kusoma. Darasa lake la kwanza lilikuwa chini ya mti. Mwaka 1970, akiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, yeye na wenzake walitangaza kuwa wamejenga jeni nzima, yenye jozi 77 za herufi.

Kuunda uzi mrefu kwa mkupuo mmoja kuliwashinda, kwa kuwa kila herufi inayoongezwa huongeza makosa. Wakatengeneza vipande visivyozidi herufi 20, wakavipanga vipishane kama matofali ukutani: mwisho wa kimoja uangukie katikati ya mwenzake. A ilijitafutia T, G ikajitafutia C, kisha kimeng'enya kiitwacho ligezi kikaziba nyufa.

Lakini jeni ile ilikuwa bubu. Haikuwa na sehemu inayoiambia seli ianzie wapi kusoma. Mwaka 1976, sasa akiwa MIT, Khorana na kundi lake walikamilisha jeni nyingine pamoja na ishara yake ya kuanzia, nayo ikafanya kazi ndani ya bakteria hai.

Kipimo cha mjomba hukagua eneo la herufi 81 katika jeni iitwayo rpoB. Herufi moja tu ikibadilika hapo, rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, inaweza kushindwa.

Mchana tukaitwa. Ni kifua kikuu, ila herufi zake hazijabadilika, dawa itamfaa.

"Miezi mingapi?" mjomba akauliza.

"Sita."

Akahesabu kwa vidole. "Agosti. Mbaazi zitakuwa tayari kuvunwa."