Jina Ambalo Mwanzilishi Hakujipa



Wapendwa waamini, wengi wenu mnaifahamu bendi ya Fleetwood Mac kwa albamu yake ya mwaka 1977, Rumours. Juma hili tunawaalika kurudi nyuma zaidi, ilipokuwa kundi la vijana wa Uingereza walioupenda bluzi, muziki wa Wamarekani weusi.

Mwanzilishi wake alikuwa Peter Green, mpiga gitaa aliyetoka katika bendi ya John Mayall. Bendi hiyo ilikuwa kama seminari: vijana waliingia, wakafundwa, wakaondoka. Eric Clapton alipoondoka mwaka 1966, Green alishika nafasi yake. Mwaka uliofuata naye akaenda kuanzisha bendi yake, wala hakuipa jina lake mwenyewe. Aliunganisha majina ya mpiga ngoma Mick Fleetwood na mpiga besi John McVie, ilhali McVie alikuwa bado hajakubali kujiunga! Katika onyesho la kwanza, tarehe 13 Agosti 1967 huko Windsor, besi ilipigwa na Bob Brunning. McVie alikuja majuma machache baadaye. Jeremy Spencer alikuwa mpiga gitaa wa pili, na mwaka 1968 akaongezwa wa tatu, Danny Kirwan, kijana wa miaka 18.

Mapema mwaka 1969 wimbo wao Albatross, usio na neno hata moja, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Fedha zikaja, na dhamiri ya Green ikaanza kumsumbua. Alitaka wanabendi wagawe mapato yao kwa wahitaji. Wenzake hawakukubali, na mwezi Mei 1970 akaondoka.

Wasimulizi wengi huishia kwenye dawa ya kulevya ya LSD aliyotumia, na ugonjwa wa skizofrenia uliogunduliwa baadaye. Ni kweli, aliteseka sana, hata akalazwa hospitalini. Hata hivyo, kwa maoni yetu si haki kuihesabu huruma yake kuwa dalili ya ugonjwa. Yule tajiri wa Injili ya Marko alienda zake kwa huzuni kwa kuwa hakuweza kutoa; Green alitaka kutoa.

Februari 1971, wakiwa Los Angeles, Spencer alitoka hotelini asirudi. Siku chache baadaye alipatikana katika Children of God, kundi la kidini ambalo baadaye lilishutumiwa vikali kwa kuwadhulumu watoto. Green aliitwa kusaidia kumaliza ziara, naye akaja. Kirwan aliachishwa mwaka 1972. Waliobaki ni wawili wale wenye jina.

Tarehe 12 Januari 1998, jijini New York, bendi ilipokewa katika Rock and Roll Hall of Fame, na Green alihudhuria. Hakupiga gitaa na Fleetwood Mac. Alipanda jukwaani na kundi la Santana, lililopokewa usiku uleule, wakapiga Black Magic Woman, wimbo alioutunga yeye miaka 30 kabla.