Ng'ombe Wadogo wa Chuma: Ni Kazi ya Nani?

Watu wengi wa Bukoba na Muleba, walipokuwa watoto, walifinyanga ng'ombe wa udongo. Sisi nasi tulifanya hivyo. Tulichota udongo kando ya kijito, tukaukanda, tukaufanyia mgongo na miguu minne, kisha tukahangaika na pembe. Maana ng'ombe wa asili wa nchi zetu ana pembe ndefu, na udongo mbichi hauwezi kuzishika. Jua lilipowaka, pembe zilipasuka zikaanguka, na mchungaji akabaki na kundi la ng'ombe wasio na pembe. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kitu kidogo kina taabu yake, tena pengine kupita kitu kikubwa.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji habari za ng'ombe wadogo wengine, ambao pembe zao hazikuanguka. Hao ni ng'ombe wa chuma wa Wakama wa Karagwe, jirani zetu wa upande wa magharibi. Habari zao zina swali ambalo yafaa kila mtu wa nchi hii alifikiri: Je, ni nani aliyewafanya?

Katika mwezi wa Novemba mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akakaribishwa vizuri na Mukama Rumanyika katika mji wake wa Bweranyange. Rumanyika alimwonyesha nyumba yake, na humo Speke akaona vyombo vya shaba pamoja na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofanywa kwa chuma. Naye aliandika katika kitabu chake kwamba sanamu hizo zilifanywa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha Mukama. Kafuro palikuwa kituo cha wafanya biashara wa pwani, si mbali na Bweranyange.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1876, alifika Henry Morton Stanley. Yeye naye alionyeshwa hazina ya Rumanyika, akahesabu. Aliandika kwamba aliona bata 16 wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na wanyama 10 wa mfano wa pofu, yule mnyama wa porini aliye mkubwa kama ng'ombe, na tena ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa.

Basi mashahidi wawili wanatuambia kwamba sanamu hizo zilikuwapo. Lakini wazee wa Karagwe hawakubaliani na Speke juu ya mfanyaji. Masimulizi yao husema kwamba ng'ombe wa chuma ni kazi ya Mukama Ndagara, baba yake Rumanyika, aliyekuwa mhunzi kwa mikono yake mwenyewe. Tumwamini nani, mgeni aliyeona kwa macho, au mwenyeji aliyepokea habari kwa baba zake? Kabla ya kujibu hatuna budi kwanza kuuelewa ufundi wenyewe.

Kuna njia mbili za kufanya sanamu ya madini. Njia ya kwanza ni kusubu. Fundi hutengeneza kalibu ya udongo au ya mchanga yenye nafasi tupu ya umbo analolitaka, kisha huyeyusha madini na kuyamimina ndani. Yakipoa, huvunja au kufungua kalibu, na sanamu iko tayari. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka jinsi vyombo vya shaba vya hekalu la Sulemani vilivyosubiwa katika udongo wa bonde la Yordani. Na hata leo mafundi wengi wa Afrika ya Mashariki huyeyusha vyuma chakavu vya alumini na kuvimimina katika kalibu za mchanga ili kupata sufuria.

Njia ya pili ni kufua, yaani kupiga kwa nyundo juu ya fuawe madini yaliyotiwa moto mpaka yakawa laini. Hapa hapana kalibu. Kila sanamu hufanywa peke yake, wala hapatakuwa na mbili zilizo sawasawa kabisa.

Sasa kila madini yana tabia yake. Risasi huyeyuka kwa moto wa nyuzi 327, alumini kwa 660, na shaba nyekundu kwa 1085. Lakini chuma safi hakiyeyuki mpaka nyuzi 1538. Wachina walisubu chuma zamani sana, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, kwa kukifanya kinywe makaa mengi mpaka kikayeyuka upesi zaidi. Lakini chuma cha namna hiyo huvunjika kikigongwa. Wahunzi wa nchi zetu hawakufuata njia hiyo. Katika matanuru yao mawe ya chuma hugeuka kuwa chuma bila kuwa maji. Takataka, ambazo wahunzi huziita mavi ya chuma, huyeyuka na kutiririka chini. Nacho chuma hubaki kama bonge lenye matundu matundu. Bonge hilo haliwezi kumiminwa katika kalibu. Hutiwa moto likapigwa, likatiwa moto tena likapigwa, mpaka lishikamane.

Kwa hiyo ng'ombe wa chuma wa Karagwe hawakuzaliwa katika kalibu. Walizaliwa chini ya nyundo. Na mtu aliyewahi kukaa katika kiwanda cha mhunzi atajua maana ya neno hili. Jembe ni kubwa, nalo hukaa na moto wake kwa muda. Lakini kipande kidogo hupoa upesi mno. Fundi hupiga mara chache tu, kisha humbidi kukirudisha katika makaa. Akizidisha moto, chuma huungua. Akipiga kimepoa, hupasuka. Kuzitoa pembe mbili nyembamba katika kipande kimoja cha chuma, na kuzipinda zikae sawa, si kazi ya mtu anayejifunza. Ni kazi ya fundi aliyekwisha kufua majembe na mikuki mingi.

Je, mafundi wa namna hiyo walikuwapo katika nchi zetu? Walikuwapo, tena tangu zamani za kale. Huko Katuruka, kusini ya mji wa Bukoba, palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, na wazee walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe alitaka kujenga mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mwaka 1970 Mmarekani Peter Schmidt, aliyewasikiliza wazee hao kwa uangalifu, alichimba mahali walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya matanuru, na makaa yaliyopimwa yakaonyesha kwamba watu walifanya kazi ya chuma hapo karibu miaka 2000 iliyopita. Twaona basi kwamba masimulizi ya wazee, hata yakiwa na mambo ya ajabu ndani yake, huweza kumwongoza mtu mpaka kwenye kweli.

Tena mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa kuyeyusha chuma kama zamani, ingawa walikuwa hawajaifanya kazi hiyo kwa miaka kama 50. Majembe ya kutoka ng'ambo yalikuwa yameiua. Hata hivyo mikono yao ilikumbuka. Walichimba shimo, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza matete ya kinamasi yaliyounguzwa, wakajenga tanuru juu yake, wakavuvia kwa mivukuto. Chuma kikapatikana. Lau wazee hao wasingaliulizwa mwaka ule, maarifa yale yangalizikwa pamoja nao.

Zaidi ya hayo, katika nchi za maziwa makuu uhunzi ulikuwa ni alama ya ufalme. Lilipofukuliwa kaburi la Cyirima Rujugira, mfalme wa Rwanda, habari zake zilichapishwa mwaka 1972 na Francis Van Noten, nazo zasema kwamba chini ya kichwa cha mfalme zilikutwa nyundo mbili za chuma. Mfalme huyo alitawala muda mrefu kabla ya wafanya biashara wa pwani kufika Karagwe, ambao walifika karibu na katikati ya karne ya 19 tu. Basi kumwita Mukama mhunzi si jambo lililoletwa na wageni.

Kwa sababu hizo sisi twaona kwamba masimulizi ya Karagwe yana nguvu kuliko maneno ya Speke. Hatusemi Speke alidanganya. Huenda aliambiwa hivyo, na huenda watu wa Kafuro walileta shaba, au hata walifanya baadhi ya vitu alivyoviona. Lakini watu wa Kafuro walikuja kununua pembe za ndovu. Wahunzi wa nchi walikuwapo tangu zamani. Na ng'ombe alikuwa ndiye fahari ya Karagwe, si ya pwani. Mgeni akikuta kitu kizuri mara nyingi hudhani kimetoka kwa mgeni mwenzake.

Speke mwenyewe alisimuliwa habari nyingine inayofaa hapa. Ndagara alipokufa, wanawe watatu waligombea ufalme. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo sana, nyepesi, lakini yenye dawa, na ikasemwa kwamba hakuna atakayeweza kuiinua ila mrithi wa haki. Rumanyika peke yake aliinua, tena kwa kidole kidogo. Ukiisadiki habari hiyo au usiisadiki, yaonyesha kwamba katika nyumba ile kitu kidogo kiliweza kubeba jambo zito kupita vyote.

Rumanyika alikufa mwaka 1878. Mwaka 1890 Wajerumani waliweka boma Bukoba, na karibu na wakati huo huo sotoka iliingia katika nchi za maziwa. Makundi ya Karagwe, yaliyokuwa utajiri wa Wakama, yalikwisha kwa muda mfupi. Ng'ombe wa nyama na damu walianguka malishoni. Lakini wale wadogo wa chuma hawakuugua, wala hawakufa. Walibaki kuwashuhudia waliowafua.

Ndugu msomaji, huenda katika kijiji chako, Kianja au Ihangiro au Kiziba, yuko mzee ambaye babu yake alikuwa mhunzi. Huenda mavi ya chuma yamelala chini ya migomba yako, nawe wayaokota na kuyatupa kama mawe tu. Nenda kamwamkie mzee huyo, ukae karibu naye, umwulize: tanuru lilikuwa wapi? Udongo ulitoka wapi? Nani alivuta mivukuto? Yaandike majibu yake katika daftari, pamoja na jina lake. Ng'ombe wa chuma hudumu, lakini jina la aliyemfua hudumu pale tu linapotamkwa na kuandikwa. Tusipoliandika sisi, ataliandika mgeni, naye ataandika jina la mwingine.