Mwezi wa Juu, Mwezi wa Mwili

Historia ya Tabora tumezoea kuisimulia kwa meno ya tembo. Tunamtaja Mirambo na vita vyake, tunawataja Waarabu wa Kwihara, tunawataja Burton na Speke walioingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 za njiani. Mimi kwetu ni Lusu, Nzega, kaskazini ya Tabora, na kila nikisoma vitabu hivyo nabaki na swali moja: wanaume walipokuwa njiani kwenda Pwani, miili ya wake zao ilifuata kalenda gani?

Usicheke, msomaji wangu. Ukoo mzima unategemea swali hilo.

Burton aliandika mwaka 1860 kwamba Unyamwezi ni Nchi ya Mwezi, na Wazungu wakalipenda jina hilo. Kwetu sisi neno lina kazi zaidi. Mwezi ni ule wa angani, mwezi ni siku thelathini za kalenda, na mwanamke akiwa kwenye siku zake tunasema yuko mwezini. Ila hesabu hizo hazilingani. Mwezi wa juu humaliza mzunguko wake kwa siku 29 na nusu. Wa mwanamke mzima unaweza kuwa siku 21, mwingine 35, na wote wawili hawana ugonjwa wowote. Anayehesabu kwa kutazama juu anapata makisio tu.

Je, mgeni aliyekuja na vipimajoto na saa za kupimia majira alijua zaidi? Wala. Yai la mnyama anyonyeshaye lilikuwa limeonekana tangu 1827, pale Karl Ernst von Baer alipolikuta kwa mbwa. Lakini linatoka siku gani kwa mwanamke, hakuna aliyejua. Madaktari wengi wa Ulaya walimtazama mbwa jike anayetoka damu akiwa kwenye joto, wakaamua binadamu naye ni vivyo hivyo: eti yai linatoka karibu na hedhi, na katikati ya mwezi ni salama. Kumbe ni kinyume. Wangapi walizaliwa kwa ushauri huo!

Jibu lilipatikana mwaka 1924 huko Japani, kwa daktari Kyusaku Ogino, na miaka michache baadaye Hermann Knaus wa Austria akafika hapo hapo kwa njia yake. Walichofanya ni kugeuza hesabu. Badala ya kuhesabu kutoka hedhi iliyopita kwenda mbele, walihesabu kutoka hedhi inayofuata kurudi nyuma. Ogino alisema yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla yake.

Kwa nini kurudi nyuma? Hapa nitaazima lugha ya misafara. Kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai huanza safari pamoja ndani ya ovari, vikisukumwa na homoni kutoka tezi iliyo chini ya ubongo. Baada ya siku kadhaa kimoja kinashika uongozi, ndicho kirangozi, na vingine vinanyauka. Kirangozi huyu anamwaga homoni ya estrojeni mpaka ubongo unajibu kwa wimbi kubwa la homoni nyingine, na baada ya siku moja na nusu hivi kifuko kinapasuka, yai linatoka. Hatua hii ya kwanza inaweza kuchukua siku saba au hata ishirini na moja. Njaa, maradhi na mashaka vinaweza kuichelewesha. Kifuko kilichopasuka hubaki kikitoa projesteroni kwa wiki mbili hivi. Mimba isipoingia, kinasinyaa, na hedhi inakuja. Kwa hiyo damu tunayoanzia kuhesabu ni mwisho wa habari ya yai lililopita.

Na yai lenyewe haliishi hata siku moja kamili, ingawa mbegu ya mwanamume huweza kusubiri hadi siku tano.

Sasa rudi barabarani. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilipendelea kiangazi, ili watu wawahi kulima mvua zikianza. Miezi mitano au sita mume hayupo: mayai matano, sita, yamekuja na kupita. Na si wake wote walibaki. Wengi walikwenda na msafara, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Kutembea kutwa kwa chakula kidogo huweza kuzuia yai lisitoke kabisa. Kunyonyesha nako huzuia, hasa miezi sita ya kwanza mtoto akinyonya usiku na mchana bila chakula kingine. Lakini yai la kwanza baada ya uzazi linaweza kutoka kabla hedhi haijarudi. Mama anashika mimba bila kuona siku zake. Wazee walioonya juu ya kumbemenda mtoto walimtenga baba na mama. Sababu waliyoitoa siyo ya homoni, ila mimba ya pili iliweza kusubiri.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mzigo ukahama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa. Ogino alikuwa bado hajachapisha kitu.

Nayaandika haya kwa sababu hesabu ya zamani haijafa. Binti aliyevunja ungo juzi anafundishwa “siku ya 14” kama amri. Mwenye mzunguko wa siku 28, sawa. Mwenye siku 21, yai lake hutoka siku ya saba hivi, damu imekauka juzi tu. Mwenye 35, ni siku ya 21, wakati rafiki zake wamemwambia hatari imepita. Na katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mizunguko hurukaruka, hivyo hata hesabu nzuri haimlindi.

Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Kabla ya hapo, kosa la hesabu liliweza kumaliza masomo ya mtoto. Ruhusa ile ni njema. Lakini afadhali pia tumwambie mapema kile ambacho Burton hakukijua: mwezi wa mwili wake husomwa kuanzia mwisho, na mwisho wenyewe haujulikani mpaka ufike.