Kujenga misuli: chakula cha sokoni, poda za kopo na udanganyifu wa dexa

"Nile nini ili mwili ujae?" Swali hili linaulizwa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Bunia, kila mahali penye kijana aliye na haltere za simenti nyuma ya nyumba. Jibu analopata mara nyingi linatoka kwa rafiki ao kwa muuzaji wa famasi, na mara nyingi ni vinini vya bei ndogo. Vinini hivyo vinaongeza kilo kweli. Shida ni kwamba vinakula misuli ileile ambayo kijana anaitafuta.

Kunenepa na kujenga misuli ni mambo mawili. Kilo zinazoongezeka zinaweza kuwa mafuta, maji ao misuli, na mizani haitakuambia ni kipi. Musuli unakuja polepole. Kwa mutu anayeanza mazoezi, anayekula vizuri na kulala vizuri, kilo moja ya misuli kwa mwezi ni matokeo mazuri sana, na wengi hawaifikie. Kwa hiyo ukiona mutu ameongeza kilo tano katika wiki mbili, ujue hizo si misuli, hata kama shati linamubana mabegani.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Musuli umetengenezwa na nyuzi za proteini. Ukinyanyua uzito ambao mwili haujauzoea, nyuzi hizo zinapata ishara ya kuongezeka, na kwa siku moja ao mbili zinazofuata mwili unachukua proteini ya chakula na kuiweka mule. Uzito sherti uongezeke kidogo kidogo, na kila sehemu ya mwili ifanyishwe kazi karibu mara mbili kwa wiki. Pompe, haltere za simenti, ndoo ya muchanga, vyote vinafaa. Musuli hauulizi kama chuma kilitoka Ulaya.

Lakini ishara peke yake haitoshi. Muangalie mutu anayesukuma chukudu iliyojaa viazi, ao anayebeba mifuko ya simenti ku bandari, ao anayechimba kwenye kareo. Hao wananyanyua uzito kuliko mutu yeyote wa jimu, na wengi wao wamekonda. Mwili unamaliza chakula chote kwa kazi ya muchana, hakibaki cha kujengea. Ukimupa mutu kama huyo sahani ya pili ya maharagi kila siku, utaona tofauti kuliko kumupa kopo la poda.

Proteini kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani na FAO, katika ripoti yao ya mwaka 2007, waliweka kipimo cha mutu muzima wa kawaida: grami 0.83 za proteini kwa kila kilo ya mwili, kwa siku. Kwa mutu anayefanya mazoezi ya kunyanyua uzito, watafiti waliokusanya majaribio 49 na kutangaza matokeo mwaka 2018 walikuta kwamba faida inaongezeka mupaka karibu grami 1.6 kwa kilo. Kupita hapo, kwa wastani, hakuna musuli unaoongezeka tena. Kijana wa kilo 60 basi anahitaji karibu grami 50 ili aishi vizuri, na karibu grami 96 kama anataka kujenga.

Sasa tuangalie sahani zetu. Unga wa muhogo una grami moja ao mbili tu za proteini katika grami 100. Mutu anayekula fufu ya muhogo mara mbili kwa siku, hata mulima muzima, anapata grami sita ao saba. Tumbo limejaa, lakini musuli haukupata kitu. Unga wa mahindi unazidi, karibu grami 7 ao 8. Sombe inasaidia, ila lazima isagwe na ichemuke vizuri juu ya sumu iliyo ndani ya majani mabichi, na bakuli la sombe peke yake halitoshi.

Proteini yetu iko pengine. Maharagi makavu yana zaidi ya grami 20 katika grami 100. Yakiisha kupikwa na kunywa maji, yanabakia na karibu 8 ao 9. Karanga zina karibu 25. Soja inazipita zote kwa upande wa nafaka na mbegu: karibu 36. Soja haifai kuliwa mbichi, maana ina kitu kinachozuia tumbo kusaga proteini. Ikaangwe ao ichemuke kwanza, ndipo isagwe. Yai moja lina grami 6. Fromaji ya Masisi ni karibu 25 katika grami 100. Nyama ya ngombe iliyopikwa ni kama 26, na sungura ao dende, yaani kobaye, ambaye familia nyingi za Kivu ya Kusini zinamufuga ndani ya jiko, hayuko mbali na hapo.

Halafu kuna samaki wadogo. Ndakala na sambaza waliokaushwa wanakaribia grami 60 za proteini katika grami 100, juu maji yametoka na nyama imebakia. Wakaaji wa pembeni ya ziwa Kivu wanaona sambaza kama samaki wa tangu zamani, kumbe waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Unawakula na mifupa, kwa hiyo unapata na kalsiamu. Mimi sijui chakula kingine cha soko letu kinachokupa proteini nyingi hivi ndani ya kikopo kidogo.

Siku moja ya kijana wa kilo 60 inaweza kuwa hivi. Asubuhi, uji wa mahindi uliochanganywa na vijiko vitatu vikubwa vya unga wa soja: karibu grami 15. Saa nne, karanga za kujaa mukono mukubwa, kama grami 50: grami 13. Muchana, fufu ya mahindi na bakuli kubwa la maharagi: grami 40. Jioni, fufu yoyote pamoja na sambaza wakavu grami 30: karibu grami 20. Mayai mawili mahali popote katika siku: grami 12. Jumla ni grami 100, na hakuna hata tone la poda. Kama mayai ni ghali wiki hiyo, ongeza sambaza ao soja.

Kitu kimoja cha kukumbuka: proteini ya maharagi imepungukiwa na sehemu moja ambayo mahindi na muchele zinayo, na mahindi yamepungukiwa na sehemu ambayo maharagi yanayo. Mukivila pamoja ndani ya siku moja, vinasaidiana. Kwa hiyo maharagi na fufu ya muhogo tupu ni duni kuliko maharagi na fufu ya mahindi. Wengi wanachanganya unga wa aina mbili juu ya utamu ao bei. Kumbe wanatengeneza misuli pia.

Poda na kreatini

Poda inayouzwa sana inaitwa wei. Inatengenezwa na maji yanayobakia wakati maziwa yanageuka kuwa fromaji. Yanakaushwa na kusafishwa. Kijiko chake cha grami 30 kina grami 20 mupaka 25 za proteini. Hiyo ni sawa na mayai manne, ao sambaza wakavu wa kama grami 40. Poda nzuri si sumu, ni chakula tu. Inamufaa mutu asiye na wakati wa kupika na mwenye pesa. Kwa mwingine, fanya hesabu: gawa bei ya kopo kwa grami za proteini zilizo ndani, kisha fanya vilevile kwa kikopo cha ndakala. Utaona mwenyewe.

Muwe waangalifu na makopo makubwa yanayoahidi "kuongeza kilo". Soma nyuma, pale wanapoandika proteini kwa grami 100. Ukikuta 15 ao 20, na mengine yote ni wanga na sukari, umenunua sukari ya bei ya nyama.

Kreatini ni jambo lingine. Ni kitu ambacho mwili unajitengenezea wenyewe na ambacho kinapatikana ndani ya nyama na samaki. Katika virutubisho vyote vya kopo, ndiyo iliyopimwa zaidi na kuonekana inasaidia kweli nguvu za kunyanyua. Kipimo ni grami 3 mupaka 5 kwa siku, si zaidi, na aina ya kawaida yenye jina kreatini monohidrati inatosha. Kilo moja ao mbili za kwanza zinazoongezeka ni maji yaliyoingia ndani ya misuli. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila munganga. Na ukienda kupimwa damu, sema kwamba unaitumia, sababu inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini na kumufanya munganga afikiri figo zako zimeharibika.

Shida kubwa ya makopo ni kutojua ndani kuna nini. Maabara ya Köln, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, na mwaka 2004 ikatangaza kwamba 94 kati yake, karibu 15 kwa 100, vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Hayo ni maduka ya nchi zenye ukaguzi. Kwetu, kopo limepita mipaka mingapi kabla ya kufika kwenye meza ya muuzaji?

Dexa na wenzake

Sasa tufike kwa vile vinini. Mutu anaingia famasi, anaomba "dawa ya mwili", na anapewa dexametazoni, ambayo wote wanaiita dexa, mara nyingi pamoja na siproheptadini. Hakuna ordonansi, hakuna maswali. Wanawake wanazitafuta juu ya mapaja na makalio, vijana wanaume juu ya kifua na mikono.

Dexa si dawa mbaya. Iko kwenye orodha ya dawa za lazima za Shirika la Afya Duniani, na Juni 2020 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba inaokoa wagonjwa wa Covid walio katika hali mbaya. Lakini ni dawa kali. Inafanana na kortizoli, homoni inayotengenezwa na vitezi viwili vidogo vilivyo juu ya figo, na nguvu yake inaizidi karibu mara 25. Kinini kimoja cha miligrami 0.5 kinakaribia kortizoli yote ambayo mwili unatengeneza kwa siku nzima. Kuna watu wanakunywa vitatu, vinne, kwa miezi.

Inachofanya ndani ni hiki. Hamu ya kula inapanda. Mafuta yanahama: uso unakuwa wa muviringo, shingo inajaa kwa nyuma, tumbo linatoka. Wakati huohuo dawa inavunja proteini ya misuli, zaidi ya mapaja na mabega, ili kutengeneza sukari. Ndiyo maana mutu aliyenona na dexa anapata taabu kusimama toka kwenye kiti cha chini ao kupanda ngazi. Anaonekana mukubwa, lakini nguvu hana. Sukari ya damu inapanda, presha nayo, mifupa inapungua nguvu, ngozi inakuwa nyepesi. Kinga ya mwili inashuka, na kwetu hapa hilo ni jambo zito: kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamuka, na kuna minyoo ya aina moja, strongiloidi, inayokaa kimya tumboni miaka mingi na inayoweza kutapakaa mwilini muzima na kuua mutu anayekunywa dawa za namna hii. Ukiichanganya na diklofenaki ao ibuprofeni juu ya maumivu ya mazoezi, vidonda vya tumbo haviko mbali.

Siproheptadini yenyewe ni dawa ya alerji. Inaleta njaa na usingizi. Haina kazi yoyote juu ya misuli, na mutu wa motari anayeinywa asubuhi anaweka hatarini yeye na kliyenti wake.

Sindano za homoni, zile za testosteroni na jamii yake, ni kesi tofauti kidogo kwa sababu zinaongeza misuli kweli. Bei yake inalipwa pengine. Ubongo ukiona homoni imejaa damuni, unaziambia korodani ziache kazi: zinasinyaa, mbegu za uzazi zinapungua ao zinakosekana, na kurudi kwake kunaweza kuchukua miezi mingi. Damu inaganda kwa urahisi, moyo unaumia. Kwa mwanamuke sauti inakuwa nzito, na hiyo hairudi. Kuchangia sindano kunaleta ukimwi na homa ya maini.

Kwa mutu ambaye amekunywa dexa kila siku kwa zaidi ya wiki mbili ao tatu na anayetaka kuacha, kuna jambo la kujua kabla. Vile vitezi vya juu ya figo vimelala, sababu dawa ilikuwa inafanya kazi yao. Ukikata ghafla, mwili unabakia bila kortizoli: uchovu mukubwa, kutapika, presha kushuka, na ukipata malaria ao ajali katika siku hizo, unaweza kufa. Usikate peke yako. Beba boksi la dawa, ao hata plaketi tupu, uende kituo cha afya, useme ukweli juu ya vingapi ulikunywa na tangu lini. Munganga atapunguza dozi polepole, na atapima sukari na presha siku hiyohiyo.