Mwamuzi, Mchezaji na Hiari Yake

Neno "uchaguzi" lina kazi mbili katika Kiswahili. Ni tendo la mtu aliyesimama njia panda, na ni siku ambayo taifa zima hupiga kura. Katika hali zote mbili swali ni lilelile: je, anayechagua anaweza kweli kubadili kitakachofuata, au mambo yalikwisha kuamuliwa na mwingine? Nakualika ulitazame swali hili mahali ambapo pengine hukulitarajia: katika historia ya michezo ya mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, na msimamizi huwasimulia dunia wanamoishi na kuamua matokeo ya matendo yao.

Mchezo huu una babu aliyekuwa askari. Mwaka 1824, ofisa kijana wa jeshi la Prusia aitwaye Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za Kriegsspiel, yaani mchezo wa vita, akiendeleza kazi ya baba yake. Maofisa waligawanyika pande mbili, wekundu na wa buluu. Waliandika amri zao na kumkabidhi mwamuzi. Yeye ndiye aliyesogeza vipande juu ya ramani, akatupa dadu, akasoma hasara katika majedwali, na kuficha kile ambacho upande mmoja usingeweza kukiona. Katika bao letu hakuna mtu wa namna hiyo. Kete ziko wazi mbele ya wote wawili. Reisswitz alimweka mtu wa tatu kati ya mchezaji na ukweli. (Kumbuka kwamba kitenzi "amua" maana yake pia ni kuwatenganisha wanaopigana.)

Baada ya miaka mingi majedwali yakawachosha watu. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza yawekwe kando na mwamuzi mzoefu aachiwe kuamua kwa busara yake. Angalia vizuri kilichotokea hapo. Wachezaji walipata uhuru mkubwa zaidi, kwa kuwa sasa wangeweza kujaribu hata jambo ambalo halikuandikwa popote. Papo hapo walipoteza kitu cha kumbana nacho mwamuzi. Jedwali unaweza kulifungua ukalisoma mwenyewe. Busara ya mkubwa wako huwezi. Jeshini hilo halikusumbua sana, maana huko mkubwa habishiwi.

Wazo la mwamuzi huru lilivuka bahari. Charles Totten, ofisa wa Marekani, aliliingiza katika kitabu chake Strategos cha mwaka 1880, na karibu miaka 90 baadaye kitabu hicho kilimfikia kijana mmoja wa Minnesota, David Wesely. Mwaka 1969 Wesely aliandaa mchezo kuhusu mji wa kubuni wa Ujerumani uitwao Braunstein, katika enzi za Napoleon. Mbali na makamanda wa majeshi, aliwapa wengine nafasi za kiraia: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Kila mmoja alikuwa na lengo lake. Mambo yakamponyoka. Wachezaji walijitenga vyumbani kula njama, na wawili wakaitana kupigana kwa bastola, jambo ambalo hakuwa ameliwekea kanuni yoyote. Ikambidi aamue palepale. Majeshi yenyewe hayakupata hata nafasi ya kupigana. Wesely alirudi nyumbani akiamini ameshindwa. Wachezaji wakaja kumwomba mwingine.

Katika mchezo mwingine wa aina hiyo, uliowekwa katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, rafiki yake Dave Arneson aliigiza mwanamapinduzi asiye na jeshi. Alikuja na kitambulisho bandia cha CIA, akawashawishi wenzake kwamba kumbe alikuwa jasusi, nao wakamkabidhi hazina ya taifa. Hakuna jedwali lililotabiri hilo. Mwamuzi aliruhusu, na kwa maoni yangu katika ruhusa hiyo ndimo mchezo mpya ulimozaliwa. Mwaka 1974 Arneson na Gary Gygax walitoa Dungeons & Dragons: vijitabu 3 ndani ya boksi, nakala 1,000.

Gygax alimpa msimamizi mamlaka mazito. Katika mwongozo wake wa mwaka 1979, msimamizi anaweza kutupa dadu akiwa amejificha nyuma ya ubao, na hata kuyapuuza matokeo yake. Mwaka 1984 ikafuata Dragonlance, mfululizo wa michezo uliokuwa na hadithi iliyokwisha kupangwa, ikiandamana na riwaya. Humo msimamizi aliagizwa kwamba mhusika anayehitajika baadaye akiuawa mapema, kifo chake kiwe cha mashaka na mwili usionekane, ili aweze kurudi. Wanaozungumza Kiingereza hukifananisha kilema hiki na reli: treni hutembea, lakini haichagui inakokwenda. Nasi tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Msimulizi husema "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!", lakini jibu hilo halibadili safari ya sungura.

Wasimamizi wengine ni werevu zaidi. Huwawekea wachezaji njia mbili, ya kulia na ya kushoto, na popote watakapoelekea, zimwi ni lilelile. Watetezi wao husema: mchezaji hajui, basi ameumia nini? Sikubaliani nao. Mchezaji aliyekaa nusu saa akipima njia hizo alipima kitu ambacho hakikuwepo, na yule aliyemwachia apime alikuwa akijua.

Mwaka 2010 Vincent Baker alijibu kwa kumfunga msimamizi mwenyewe. Katika mchezo wake Apocalypse World, kanuni zinataja lini msimamizi atasema na kwa misingi gani. Dadu hutupwa na wachezaji peke yao. Naye anakatazwa kupanga hadithi kabla ya wakati. Wapo wanaoona kwamba kamba hizo zinaua kipaji cha msimuliaji, na kwamba msimamizi mwema hahitaji kufungwa. Ubishi huo haujaisha. Katika meza moja dadu bado hutupwa nyuma ya ubao. Katika nyingine hutupwa katikati, kila mtu akiitazama inavyobingirika.