Kikombe na Uzi: Swali la Kipimo katika Tiba ya Mimea Mkoani Arusha, Kuanzia 2011

Mwaka 2011 yalitokea mkoani Arusha mambo mawili ambayo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali. Kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, maarufu kwa jina la Babu, aliwanywesha maelfu ya watu maji ya mizizi iliyochemshwa, kwa shilingi 500 kikombe. Mwaka huohuo, Tengeru, chini ya Mlima Meru, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela ilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Wagonjwa waliotoka upande wa Moshi kwenda Loliondo walipita Tengeru hiyohiyo.

Mmea uliotumika Samunge, mugariga, huitwa olamuriaki kwa Kimaasai na mtandamboo kwa Kiswahili. Wamaasai walichemsha mizizi yake katika supu zamani kabla ya Babu. Aidha, mwaka 2006 watafiti nchini Kenya walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa dondoo lake huzuia virusi vya hepesi, ambavyo hujificha ndani ya neva. Kwa hiyo mmea haukuwa mtupu. Udhaifu ulikuwa kwingine: kikombe kilekile, mara moja tu, kwa kisukari, saratani na UKIMWI, na mtoaji alisisitiza kwamba dawa isingefaa ikitolewa kwa mkono wa mtu mwingine. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi baada ya kunywa. Mjadala wa wakati ule ulielemea upande wa imani na ulaghai, na swali la kipimo (kiasi gani, kwa muda gani, mahali gani mwilini) likapewa nafasi ndogo mno.

Swali hilohilo ndilo kiini cha utafiti wa kuunga neva. Tangu Augustus Waller aeleze, mwaka 1850, jinsi sehemu ya neva iliyokatwa inavyooza, imefahamika kwamba neva ya mkono au mguu inaweza kuota upya, lakini kwa mwendo wa takribani milimita moja kwa siku. Aliyekatwa karibu na kiwiko, sentimita 30 kutoka vidoleni, hungoja karibu mwaka mzima, na misuli hunyauka huku akingoja. Pengo likiwa pana, ncha haziwezi kushonwa pamoja bila kuvutwa. Hapo ndipo kiunzi cha nyuzi za nano kinapopendekezwa: polima huvutwa kwa umeme wa volti nyingi hadi kuwa nyuzi nyembamba mno, zikalazwa upande mmoja ili chembehai zitambae juu yake kama mharagwe juu ya mti. Hataza za ufundi huo ni za tangu 1902. Matumizi yake katika tiba ni ya juzi tu.

Manjano ya jikoni yameingia humo. Kurkumini, kiini chake cha rangi, hupunguza uvimbe, lakini haiyeyuki vizuri katika maji na mwili huivunja upesi. Ikinywewa, ni kidogo sana kinachofika kwenye jeraha. Ikifungwa ndani ya uzi, hutoka polepole, palepale panapohitajika. Kinyume kamili cha kikombe.

Tengeru ilipata sifa ya nano kwa njia ya maji. Askwar Hilonga alitunukiwa mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio lake, katika eneo ambalo maji ya Mlima Meru yana floridi nyingi. Utafiti huo ulianzia kwenye tatizo la jirani, na hilo lina uzito kuliko tuzo yenyewe.

Masapila alifariki Julai 2021. Viunzi vyenye viini vya mimea, kwa sehemu kubwa, bado vinajaribiwa kwa panya, na kuvitangaza kuwa tiba leo kungekuwa kurudia kosa la Samunge kwa vyombo vya maabara. Kwa pengo kubwa, daktari wa upasuaji bado huazima neva ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, naye hubaki na ganzi ubavuni mwa unyayo.