Kuvu wa udongoni: Wanaoamua madini yanayofika sahani ya mkulima wa Rusizi

Katika vilima vya wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, mvua nyingi imeosha udongo kwa muda mrefu na kuuacha na asidi. Chuma na alumini vimejaa humo. Fosforasi na seleniamu, hata zikiwapo, hunaswa na oksidi za chuma, na mizizi huzipata kwa shida. Hapo ndipo kazi ya kuvu inapoanza.

Nyuzi nyembamba kuliko unywele

Kuvu wa mikoriza huishi ndani ya mizizi. Mmea huwapa sukari, nao hueneza nyuzi zao hadi mahali ambapo mzizi haufiki, wakirudi na fosforasi, zinki na shaba. Mihogo na maharage hunufaika sana na ushirika huu. Kabichi haina kabisa.

Kuvu hao pia ni kinga. Alumini inayoyeyuka katika udongo wenye asidi hudumaza mizizi ya maharage, ingawa michai, kama ile ya Shagasha, huistahimili. Nyuzi za kuvu hunasa sehemu ya metali hizo kwenye kuta zake kabla hazijauingia mmea. Kuvu wengine hutoa asidi ya oksali, ambayo huweza kufunga metali au kumenya madini kutoka kwenye mawe.

Seleniamu, rafiki kwa kipimo

Mtu mzima anashauriwa kupata takriban mikrogramu 55 za seleniamu kwa siku. Mwili huitumia, pamoja na iodini, katika kazi ya tezi ya shingo. Ikizidi mno, hugeuka sumu.

Kwa seleniamu, kuvu hawana mwenendo mmoja. Mikoriza huweza kuongeza au kupunguza kiasi kinachoingia kwenye mmea. Wapo kuvu wanaoigeuza kuwa chembe nyekundu zisizoyeyuka, na wengine huifanya gesi yenye harufu ya kitunguu saumu, ikapotelea hewani.

Tofauti za udongo huonekana hadi kwenye chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa seleniamu katika nafaka za Ethiopia na Malawi hutofautiana sana kati ya eneo na eneo. Finland, yenye udongo maskini wa seleniamu, huichanganya katika mbolea tangu miaka ya 1980.

Chokaa na samadi

Rusizi ina dawa ya asidi karibu: mawe ya chokaa ya Mashyuza, Bugarama, ambayo pia hutengenezewa saruji. Chokaa huituliza alumini na kulegeza seleniamu iliyoshikwa na chuma. Samadi na mabaki ya mazao hurutubisha maisha ya udongoni. Kinyume chake, kulima mara kwa mara hukata nyuzi za mikoriza, na fosforasi ya dukani ikizidi, mmea huwapunguzia kuvu nafasi mizizini. Mkulima anayepima udongo kabla ya kununua mbolea huokoa fedha, na huwaokoa pia wasaidizi asiowaona.